Tairi Lilitupita

Tairi lilitupita kabla hatujajua ni letu.
Nikamwambia Semkiwa, "Tazama, mtu kapoteza gurudumu,"
naye akacheka, na kicheko hakijaisha
tela likapiga goti,
ekseli ikachora lami kwa cheche
hadi tuliposimama, Hale, saa nne na robo,
na Singida hata haijaanza kuandikwa kwenye vibao.

Gurudumu lilivuka mtaro, likaingia kwenye mkonge,
likalala huko, limechoka kututangulia.

Tukakata matawi, tukayatandaza nyuma hatua thelathini,
ile lugha ya kijani ambayo kila dereva anaisoma.
Kisha tukashusha vyote, maana jeki haiinui
maisha ya mtu yakiwa yamefungwa kamba.

Kabati. Kitanda cha besera. Cherehani ya kukanyaga.
Masufuria saba yaliyopakatana. Jogoo kwenye tenga.
Na mlango, mlango mzima na bawaba zake,
mama alikataa kumwachia mpangaji kule Boza.

Mama mwenyewe hatukumshusha; alishuka.
Tangu alfajiri hajasema neno.
Akachagua mahali, akaketi, akatandaza kanga magotini,
akaitazama mali yake kando ya lami
kama vitu vya jirani.

Fundi Singano alikuja na baiskeli,
akaingia chini ya tela, akatoka na hukumu:
"Hapa palichomewa juu ya kutu.
Mlichomea rangi, si chuma."
Nikainama. Mimi ndiye niliyesema patafika.
Tungechomea upya, ila umeme umekatika,
Hale, penye mitambo ya umeme,
nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu
zikienda kuwaka kwa wengine.

Tukasubiri.

Ndipo mwenye pikipiki akapunguza mwendo:
"Kabati hilo bei gani?"
Nafungua mdomo nimwambie haliuzwi, tumeharibikiwa,
mama akanipita, kama lile tairi:
"Laki na nusu. Mninga huo. Gonga usikie."

Akagonga. Akasikia.

Baada ya hapo barabara yote ikaota macho.
Wauza machungwa wakavuka na ndoo zao vichwani.
Masufuria yakaenda matatu, kisha manne.
Kitanda kikaondoka juu ya guta, miguu ikitazama mbingu.
Cherehani ilichukuliwa na msichana aliyelipa nusu
na kuacha namba ya simu kwa nusu nyingine;
mama hakuiandika.
Mlango akaununua kijana anayejenga chumba kimoja,
dirisha bado hana. Akampunguzia elfu tano,
akamwonyesha namna ya kulishika komeo lisilie njiani.

"Mama, Singida utalalia nini?"
"Si ulisema kwako kuna kila kitu?"
Nilisema. Kwenye simu, mara tatu,
kwa sauti ya mtu anayechomea juu ya kutu.

Saa kumi umeme ukarudi. Singano akavaa miwani myeusi,
moto ukaruka, na jogoo, ambaye hakupata mteja,
akawika akidhani kumekucha.
Tukapakia. Kazi ya robo saa.
Kamba iliyotupungukia asubuhi
Semkiwa aliizungusha mara mbili
na ncha bado ikaning'inia.

"Mama, inuka twende."

Akainuka taratibu, kajishika kiuno,
na pale alipokuwa ameketi tangu saa nne,
pale alipopangia kila kitu bei,
palikuwa na mbuzi yake,
meno yake yamelika kwa nazi za miaka arobaini.

"Kule hakuna minazi," Semkiwa akasema, si kwa ubaya.

"Najua," akasema mama,
akaikunja,
akaingia nayo mbele, akaipakata.