Bei ya Kosa

Hakimu alisoma upesi, kama anayesoma bei za maharage:
zamani ilikuwa miezi tisa, gereza la Maluku,
sasa ni milioni mbili, ukilipa leo
unawahi chakula cha mchana nyumbani.
Okiring akafungua mfuko wa nailoni,
akahesabu noti zinazonuka wino wa mashine yake.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma,
mapajani kitabu changu na mwanaharamu wake.
Changu kina gundi na jalada la rangi;
chake kina pini mbili,
na ukurasa wa arobaini umesimama kichwa chini.

Miaka minne nilikiandika,
umeme ukikatika, kwa mwanga wa simu,
Kiswahili cha darasa la sita,
kwa watoto ambao babu zao waliisikia lugha hii
mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani
ikitoka nyuma ya bunduki.
Nilitaka wao waisikie ikiomba chumvi.
Ikitaja rangi ya nyanya.

Sitasema uongo. Alipofungwa kwa sheria ile kongwe
nilifurahi.
Mwezi wa tatu mkewe, Apolot, akabisha mlangoni.
Hakuja kulia. Aliuliza kama nina nguo za kufua.
Nikampa mashuka yaliyokuwa safi,
akayafua, akijua ni safi,
na hakuna kati yetu aliyesema neno.

Kwa hiyo waliposema jela haifai kwa kosa la karatasi
nilisema haya, na iwe faini.
Na fedha zile? nilimuuliza karani.
Zimekwenda hazina, mwalimu.
Zote?
Zote.
Nikacheka hadi askari wa mlangoni akageuka.
Ng'ombe ni wangu, mwizi ni yule,
nyama kaila mwenye kamba.

Siku hiyohiyo aliitwa kijana mmoja, Wambede,
nakala thelathini tu, za shule ya dada yake huko Bududa.
Faini yake ilikuwa ndogo. Mfuko wake ulikuwa mdogo zaidi.
Wakampeleka Maluku kwa mlango wa nyuma,
mlango ule ambao sheria mpya inasema umezibwa.

Wiki iliyofuata nikapita barabara ya Naboa,
Wanale juu yetu umejifunika ukungu.
Kibanda kiko wazi, mashine inanguruma,
nakala ya elfu tatu imekuwa elfu tatu na mia tano.
Mia tano hiyo ndiye hakimu.
Okiring amempangia nafasi kwenye daftari,
baina ya wino na kodi ya chumba.

Nilikuwa na maneno makali, nimeyanoa njia nzima.
Lakini msichana wa sare ya kijani alikuwa pale kaunta,
amefika ukurasa wa arobaini,
amekigeuza kitabu kama usukani,
anasoma kwa sauti: naomba chumvi, tafadhali.

Nami je? Ngeli nilijifunza kwenye nakala,
ya nani sijui, jalada halikuwepo,
wala ukurasa wa ishirini na moja;
hadi leo U-ZI hunipiga chenga.

Nikanunua moja.
Okiring akanitambua, akatazama chini,
akasema, Mwalimu, wewe nipe elfu tatu tu.

Akaniondolea hakimu.