Roshani ya Kisasa

Kisasa ni jina la mtaa, msinicheke.
Roshani yenyewe haina usasa wowote:
hatua nne kwenda, mbili kando,
vyuma vyake vimeota kutu
na upepo wa Dodoma huingia bila hodi,
unapangusia vumbi lake kwenye mashuka yangu.

Hapo ndipo ninapolima.
Ndoo tatu za rangi,
dumu la mafuta lililokatwa ubavu,
sufuria iliyotoboka kitako,
na karai alilokuwa akiogea Chidawali
kabla hajajua kusimama.
Samadi ya mbuzi ilitoka Mvumi kwa mama mdogo.
Aliifunga kama zawadi ya harusi,
akaipakia kwenye basi,
konda akanipigia simu kulalamika.

Kivumbasi kilikubali siku ya tatu.
Mchaichai ukabisha, ukanyauka, nikautukana;
wiki iliyofuata ukachomoza kana kwamba hatukugombana.
Mnanaa siuamini,
unatambaa hadi ndoo ya jirani kama mpangaji asiyelipa kodi.
Shubiri haisemi kitu.
Imekaa na maji yake moyoni
kama sisi tuliozaliwa huku, tukihesabu mvua.

Bomba hutoa maji Jumanne na Ijumaa, likipenda.
Yaliyooshea mchele ni ya mchaichai,
yaliyooshea mboga, ya kivumbasi,
na Mzee Ndahani wa ghorofa ya pili
hugonga dari kwa mpini wa ufagio:
"Nyemo! Unaninyeshea!"
Mzee, ukinyeshewa Dodoma mwezi wa nane
shukuru.

Mchana nauza dawa, karibu na soko la Majengo.
Nahesabu vidonge nyuma ya kioo, tano tano:
moja asubuhi, moja jioni,
usiache ukijisikia nafuu.
Wateja hawajui
kwamba vidole hivi jioni hunukia kivumbasi.
Sijawaambia. Wangeniuliza nipo upande gani.

Usiku ule wa Machi Chidawali alichemka.
Thelathini na tisa na nusu.
Baba yake alikuwa Singida na lori la alizeti,
korongo limejaa, bodaboda hapiti,
na saa nane ya usiku ni ndefu kuliko barabara ya Iringa.
Nikatoka roshani na tochi ya simu,
nikachuma mchaichai, nikauchemsha.

Sitawadanganya: haukuwa wa homa.
Homa nilishaipa dawa ya maji
na kitambaa chenye maji juu ya paji.
Ulikuwa wa mikono yangu,
ambayo haijui kutulia mtu wake akiungua.
Mvuke ukapanda. Akaugeukia.
Akameza vijiko vitatu,
akaniuliza, macho yamefumba:
"Mama, mbona nanywa nyasi?"
Nikacheka peke yangu gizani, nikajua kutakucha.

Alfajiri korongo likashuka.
Zahanati, kidole, tone moja, mistari miwili.
Dozi ya siku tatu, nami nikamaliza kuihesabu
kabla muuguzi hajaihesabu.
Jumamosi mtoto anakimbiza paka kwenye ngazi.

Ndahani akapanda, akihema, mkono ukutani.
"Ni yale majani yako. Niliyanusa mpaka chini."
Nikafungua mdomo nimweleze mistari miwili,
dozi, na kazi ninayoisomea mpaka leo.
Nikaufunga.
Kuna kitu majani yalifanya usiku ule
ambacho hakiandikwi kwenye cheti.
Nikamng'olea shina lenye mizizi, nikalifunga kwa gazeti.
"Mwagilia," nikamwambia,
"na vidonge vyako vya presha usithubutu kuviacha."

Sasa Ijumaa, bomba likianza kukohoa,
nasikia ndoo yangu ikijaa,
kisha nasikia ya kwake.
Na jana, tena alfajiri, kabla ya adhana,
mtu wa ghorofa ya kwanza
ameanza kugonga dari.