Sikio Halimo

Miaka thelathini na mmoja nafua bati Kibuye,
masanduku ya watoto wa bweni,
ya bluu, ya kijani, jina ubavuni.
Nyundo ilinilisha. Nyundo nayo ikala,
kidogo kidogo, kama panya wa ghalani:
kwanza ndege wa alfajiri,
kisha silabi za mwisho,
kisha mjukuu wangu Abuya
anayemnong'oneza siri babu
anayetikisa kichwa tu.

Kanisani nasimama wenzangu wakiketi.
Risper, mke wangu, kaacha kunisimulia.
Hasira hana. Kachoka kurudia.

Hospitali ya rufaa, binti wa vipimo
alinifungia ndani ya sanduku
(mimi, wa masanduku!)
"Bonyeza, baba, ukisikia."
Nilibonyeza kwa kukisia, kwa haya.
Kisha akanivika kitu kama punje ya haragwe,
cha kuazima, dakika kumi.

Koti langu likachakacha.
Nje mvua ilinyesha; kumbe ina sauti.
Risper akasema, "Ogweno,"
polepole,
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.

Binti akanyoosha mkono, akakivua.

Bei yake: masanduku mia moja na arobaini.
Nikateremka dirishani na simu yangu:
mchango umelipwa, mwezi kwa mwezi, bila kuruka.
Karani akashusha kidole kwenye orodha,
akashusha, akashusha,
akaniandikia karatasini, maana kusema hakukufaa:
Sikio halimo.

Nyinyi mnaopanga orodha,
sikio la kufa halisikii dawa, najua.
Langu halijafa. Linangoja wino wenu.
Wala msiniambie halipiti kichwa:
mchango mlikata kwa kichwa kizima,
na masikio yake mawili.

Juzi mama wa Nyalenda alikuja kwa sanduku.
Mwanawe, Okumba, huketishwa nyuma darasani,
huitwa mzembe.
Akaniomba jina niliandike kubwa.
Mtoto alikuwa akichezea vipande vya bati;
nikamwita nikiwa mgongoni pake.
Hakugeuka.
Nikaita tena, nikaangusha nyundo.
Hakugeuka.
Nikamtambua, kama unavyomtambua ndugu ugenini.

Ongezeni mstari mmoja.
Mimi nimeshazoea kungoja.
Yeye yuko darasa la pili.