Safu ya Tano

Jina la kijiji linaahidi maziwa:
Maziwa Ng'ombe, Wilaya ya Micheweni.
Mimi naweka hesabu ya maji.
Daftari langu limetafunwa pembe na mende;
ukurasa wa kwanza, Bismillahi,
wa pili, madeni.

Dumu moja, shilingi hamsini.
Mize Faki, madumu sita, kalipa manne.
Skuli ya msingi, mwezi wa tatu huu, "tutaona."
Msikiti wa juu (hapa kalamu ilisita)
elfu arubaini na moja.
Nani atamdai imamu maji ya udhu?
Nilimdai, baada ya alasiri, nimesimama nje ya kizingiti:
Sheikh, dua tunaitikia, lakini mota haisikii amin.
Akacheka. Ijumaa ile kofia ikazungushwa
ikarudi na noti, na vifungo viwili vya kanzu.
Vifungo nimeviandika. Hesabu ni hesabu.

Pampu ilipokufa mara ya kwanza
hatukuwa na hata bei ya waya.
Siku kumi na tisa tulirudi mapangoni,
tukishuka na kamba, tukipanda na tope.
Wafadhili walikwishaondoka na kamera zao,
wametuachia kibao cha bati chenye majina yao
na utepe wa ufunguzi, ambao Raya alimfungia mbuzi.
Ndipo nikachora safu ya nne,
nikaiita Kesho.
Kila dumu, shilingi kumi za Kesho.
Wakanung'unika: Kesho ana kiu gani huyo?

Juzi akaja binti wa udhibiti kutoka Chake, Thuwaiba,
buibui jeusi, pindo jeupe kwa vumbi la mawe.
Nilidhani ataomba leseni. Akaomba kikombe.
Akachovya kijiti; namba zikapanda, zikasita,
zikapanda tena, kama mbuzi juu ya jabali.
"Mnavuta saa ngapi kwa siku?"
Hamad fundi akasema sita.
Nikamtazama.
Akasema tisa.

Nilizijua zile tisa. Ndizo zilizonenepesha safu yangu ya nne.
"Maji matamu," akasema, "yamelala juu ya chumvi
kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi.
Ukichota kwa pupa, unachota mchuzi.
Saa nne tu. Na bei ipande, iwe sabini."

Maji yapungue, pesa ziongezeke!
Mkutano ulichemka hadi watoto wakaacha mpira.
Shaame wa dukani akasema chumvi kaja nayo mwenyewe,
imo kwenye lile sanduku la kijani.
Akainuka Zuwena, muuza chai wa njia panda:
"Tangu Rajabu natia sukari vijiko vitatu
palipokuwa na viwili, na wateja bado wanatema.
Mimi sina kipimo. Nina hasara."
Akakaa.

Sabini haikupita. Sitini na tano ikapita.
Saa nne zikapita kwa mikono miwili,
mmoja wangu, na ulikuwa mzito.

Kibanda cha pampu sasa kina kufuli mbili,
ufunguo mmoja kwa Hamad, mmoja shingoni mwangu.
Usiku wa jana dada yangu aligonga:
ana wageni wa Kojani, dumu moja tu, nani atajua?
Nikamimina la kwangu, la mtungini,
akaenda bila kuniaga.
Nimeandika: dumu moja, la nyumbani, halidaiwi.
Sijui safu ya kuliweka.

Nimechora ya tano. Haina shilingi.
Kila Ijumaa nachovya kijiti alichotuachia Thuwaiba
naandika namba, na tarehe, na nani alishuhudia.
Wiki hii imeshuka kidogo.
Au ni jicho langu linalotaka ishuke.
Nimemwita Shaame aje aisome yeye.