Madoa ya Namba Sita

Mimi kandanda siijui. Najua madoa.
Miaka ishirini na sita nafua jezi za klabu hii
chini ya jukwaa, bondeni Asturias,
kilima cha vifusi vya mgodi kikituchungulia dirishani,
na mvua, mvua ile isiyojua Jumapili.

Mshambuliaji namjua kwa tope la kifuani:
amefunga, ameteleza kifudifudi mbele ya mashabiki.
Kipa huniletea viwiko na nyonga.
Winga, chokaa ya mstari.
Lakini namba sita, Nel Bustiello,
aliniletea tope la katikati, nene, jeusi,
ambalo hakuna aliyeliona likimrukia:
macho ya watu yalikwisha kuufuata mpira
kule alikoupeleka.

Alikuja na miaka kumi na saba,
jezi imempwaya kana kwamba bado iko kambani.
Baba yake alichimba makaa hadi shimo likafungwa.
Mwana akachimba mipira miguuni mwa watu.
"Kazi ile ile," aliniambia, "ila huku kuna hewa."

Kiungo, ndivyo wanavyomwita.
Na kiungo ni neno la jikoni pia:
chunguni hakionekani,
kikikosekana, mezani watu hutazamana.

Msimu mmoja klabu kubwa ikamnunua.
Nikamwona kwenye televisheni ya baa ya Etelvina,
yuko benchi, jezi nyeupe, safi,
safi mno.
Nikaacha kahawa yangu ikapoa.

Akarudi. Hakueleza, sikumuuliza.
Jumatatu nikakuta tope kapuni,
nikalikwangua kwa ukucha huku nacheka peke yangu.

Kisha goti.
Daktari alilifungua mara mbili.
Tangu hapo ubavu wa kushoto ulichafuka kuliko wa kulia;
nilijua anaangukia upande mmoja
kabla kocha hajajua.
Nilinyamaza. Mpaka leo
sijui kama nilimlinda au nilimwuza.

Mechi ya mwisho aliingia dakika ya themanini na nne,
tumeshapigwa tatu.
Siku hiyo nilipanda juu nikahesabu:
pasi tisa. Moja ilipotea.

Jana ameshuka huku chini. Sasa anaendesha basi la shule.
Eti amekuja kutafuta vilinda ugoko vyake.
Hakuvitafuta. Aliketi kwenye kreti,
akavuta kwake rundo la soksi, kila moja imempoteza mwenzake,
tukaongea habari ya bei ya dizeli,
ya mama yake na yale macho yake.
Mikono hakuitazama hata mara moja.
Jozi, jozi, jozi.

Nikanyanyua kapu kwenda mlangoni.
Yeye kanipa mgongo, bado anasimulia,
akairusha ya mwisho juu ya bega,
si pale nilipokuwa,
pale nilipokuwa naelekea.
Nikapiga hatua moja,
ikatua.