Ndumilakuwili

Ndoo ya Chambuso haina siri:
maji yaliyooshea injini, oili chakavu,
dizeli kidogo, mchanga wa Chikongola,
na juu yake utando wa rangi saba
unaomdanganya mtoto kuwa humo mna kitu kizuri.

Miaka yote aliimwaga mtaroni.
Mtaro ukaipeleka kwenye mikoko,
waokota chaza wakarudi na vidole vyeusi,
wakamsema. Akanyamaza, spana mkononi.

Akaja Somoe, fundi wa maabara,
na kipande cha marekani, upana wa leso.
Upande mmoja kaupaka mafuta ya maganda ya korosho,
yaleyale yaliyowababua wabanguaji viganja,
akauivisha kwenye oveni ya mikate.
Wa pili kauchemsha kwa magadi
mpaka ukashikwa na kiu.

“Huu unayapenda maji. Huu hautaki hata kuyaona.
Kati yao ni unene wa uzi.”

Chambuso akaangua kicheko:
“Mwalimu, umeniletea ndumilakuwili!”

Wenye kiu ukawekwa juu.
Maji yakapita, tone, tone,
oili ikabaki imenuna.
Akakigeuza kitambaa, akakilaza mshazari:
sasa oili ikapenya,
maji yakajikunja shanga shanga, yakaporomoka pembeni.

Nilikuwa nimeshika tochi.
Mkono ukanitetemeka.

Mama Magomeni, baba Ligula,
na mimi wa miaka tisa, begi mgongoni,
kila Ijumaa.
“Kamwambie baba yako…”
Nikifika: anakusalimu.
“Kamwambie mama yako…”
Nikifika: ada italipwa.
Yaliyosalia nililala nayo.
Shangazi akaniita jina hilohilo mbele ya wageni,
nami nimebeba sinia la wali,
nikaogopa kulitua, nikaogopa kulishika.

Hakuna aliyeuliza
mlichochuja kimekwenda wapi.

Baada ya ndoo ya kumi Somoe alikifua kwa sabuni ya mche.
“Kinachoka,” alisema. “Vitundu vinaziba.
Kianike, kipumue, ndipo ukidai kazi.”
Alisema hivyo hivi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.
Mimi nikalazimika kutoka nje.

Niliporudi, Chambuso alikuwa ameinama na kalamu ya wino,
anaandika pembeni ili asisahau:
HUU JUU.
Akakigeuza, akafikiri,
akaandika tena:
HUU JUU.