Saa Mbili ya Kwetu

Ule mti ulio darini kwetu, Chumbageni,
ambao shangazi Mwanakombo huanikia kanga masika,
si boriti, wala si upondo.
Ni mkono mmoja wa machela.
Mwenzake uliliwa na mchwa kabla sijazaliwa.

Babu wa baba yangu, Semhina, alishika nyuma.
Mbele alikuwa Mwinjuma, mrefu kupita kiasi,
hivyo majeruhi walisafiri miguu juu, kichwa chini.
Wenzao waliwacheka.
Miaka mia baadaye nikafundishwa darasani
kwamba ile ilikuwa dawa.

Novemba ya kumi na nne, Mjerumani na Mwingereza
wakigombea mji ambao hakuna aliyezaliwa humo,
risasi zikapasua mizinga,
na nyuki hawakuuliza mtu bendera yake.
Alfajiri, kando ya reli, wakamkuta askari
paja limefumuka kama gunia.
Semhina hakuwa tabibu. Alikuwa mkata mkonge.
Alichokuwa nacho ni kamba ya katani kiunoni
na kijiti.
Akafunga, akasokota, mpaka damu ikanyamaza.
Kisha wakangoja. Njia ya hospitali ilikuwa ya risasi.
Wakangoja jua lipande, wakangoja lishuke,
na kamba ikabaki ilivyo.
Mwenye saa alikuwa ofisa,
na ofisa alikuwa amekufa.

Usiku daktari aliugusa mguu,
baridi kama samaki wa jana.
Akauliza, mkalimani akafasiri:
Ulifungwa lini?
Semhina akanyoosha kidole gizani,
pale jua lilipokuwa.
Daktari akachukua msumeno.

Wanasema hadi uzeeni hakufunga hata mbuzi
bila kuuliza kwanza ni saa ngapi.

Babu yangu alikwenda Kagera na lori la katani,
serikali imeliazima kwa bwana shamba.
Majeruhi walilala juu ya masalia ya singa,
wakafika wanajikuna kuliko wanavyougua.
Safari ya siku tatu ikawa ya usiku mmoja.
Hayo nayo yalikuwa maendeleo.
Zaidi ya hapo hakusimulia.
Aliliosha lori kila Ijumaa, hata likiwa safi.

Mimi nilipata helikopta,
kofia ya buluu, nchi ya jirani,
na mkanda wa nailoni wenye kijiti cha plastiki,
yaani kamba ya Semhina, imesomeshwa tu.
Funga. Kaza. Andika saa kwenye paji la uso.
Koplo Kihiyo alikanyaga bomu baada ya chai.
Nikafunga, nikakaza, nikaandika kwa wino mzito:
2:10.

Nilikuwa sijalala siku mbili.
Mkono uliandika saa ya mama.

Daktari, mtu wa mbali, akasoma paji,
akatazama ukutani: 8:50.
Akahesabu saa sita na dakika arobaini.
Akachora mstari pajani.
Misumeno ya siku hizi ni ya umeme, haina makuu,
inanguruma kama mashine ya kinyozi.

Ni saa mbili ya kwetu! nikapiga kelele,
Kiswahili kitupu, Kiingereza kimenikimbia.
Saa mbili ya asubuhi! Sasa hivi!
Nikanyoosha kidole dirishani,
pale jua lilipokuwa.

Akanitazama. Akauweka mkono mguuni, akauacha hapo.
Kisha akaufuta mstari kwa spiriti.

Kihiyo anauza vitasa Ngamiani.
Anachechemea mvua ikikaribia,
anawatabiria wateja hali ya hewa, bure.

Leo nimeushusha ule mti.
Upande wa nyuma umelainika, una shimo dogo la kidole gumba.
Nimeweka changu. Kimeenea.
Nilitaka kuuliza ni nani aliyembeba yeye
alipoanguka kwa homa njia ya Korogwe,
lakini waliokuwa wakijua wamekwisha.

Shangazi amesimama mlangoni, beseni kiunoni.
Utaurudisha saa ngapi? Kanga zimelowa.